Clair Patterson: mpimaji wa mawe aliyekuta sumu ndani ya esanse

Kila asubuhi, kwenye mabarabara ya Goma, Bukavu, Bunia, Uvira na Kalemie, wamotari wanasimama mbele ya wakadafi, wananunua esanse ya chupa ao ya bidoni, kiisha wanaenda kutafuta wateja. Ile esanse ina moshi wake na ina shida zake. Lakini kuna kitu kimoja ambacho haitiwi tena: risasi. Ndugu msomaji, hapa hatuongei juu ya risasi inayotoka ndani ya bunduki. Tunaongea juu ya madini yenyewe ya risasi, ile chuma nzito na laini ambayo iko ndani ya batri za magari.

Kwa muda wa miaka zaidi ya makumi saba, risasi ilikuwa inachanganywa na esanse dunia nzima. Ilikuwa inatoka na moshi, inaingia ndani ya mapafu, ndani ya damu, ndani ya mifupa, na zaidi sana ndani ya ubongo wa watoto. Watu wengi walifanya kazi kusudi mambo hayo yaishe. Mmoja wao hakuanza hata kidogo akitafuta sumu. Alikuwa mtaalamu wa jiokemia, ni kusema elimu ya kuchunguza mawe na udongo vimetengenezwa na nini, na alikuwa anatafuta umri wa dunia ndani ya punje ndogo za madini yanayoitwa zirkoni. Jina lake ni Clair Patterson.

Mtoto wa Iowa

Clair Cameron Patterson alizaliwa tarehe 2 mwezi wa sita mwaka 1922 huko Mitchellville, mji mdogo wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Iowa ni sehemu ya mashamba na mahindi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Akiwa mtoto alipewa kisanduku chenye vifaa vya kemia, na toka hapo hakuacha tena majaribio. Alisoma kemia katika Grinnell College, akamaliza mwaka 1943. Hapo ndipo alipokutana na Lorna McCleary, ambaye watu walikuwa wanamwita Laurie. Wakaoana. Yeye mwenyewe, marafiki walimwita Pat.

Wakati ule ulikuwa wakati wa vita vya pili vya dunia. Serkali ya Marekani ilikuwa inakusanya wataalamu kwa kazi moja ya siri: kutengeneza bomu la atomu. Patterson na mke wake walitumwa Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Huko Patterson alijifunza kutumia mashine inayotenganisha atomu kufuatana na uzito wao. Ndiyo ilitumika kujua kama uraniumu imesafishwa vya kutosha.

Hapa maisha yake yanagusa udongo wetu. Sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako kampuni ya Union Minière ilikuwa inachimba wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Wachimbaji Wakongomani waliotoa mawe yale hawakuambiwa yanaenda kufanya nini. Tarehe 6 mwezi wa nane 1945, bomu la uraniumu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, huko Japani. Patterson hakujivunia kazi ile. Mpaka uzee wake aliiona kuwa ubaya mkubwa ambao watu wa sayansi walishiriki. Lakini ujuzi wa ile mashine alibaki nao, na akatafuta namna ya kuutumia kwa kitu kingine.

Saa iliyofichwa ndani ya zirkoni

Vita vilipoisha alirudi kwenye Chuo Kikuu cha Chicago kutafuta udokta. Profesa wake, Harrison Brown, alimpa kazi ambayo, kwa maneno ya profesa, ilikuwa rahisi. Kupima risasi ndani ya zirkoni.

Wale wanaochuja dhahabu ao kasiterite kwetu wanajua ule mchanga mzito unaobaki chini ya karai wakati udongo umeenda na maji. Ndani ya mchanga wa namna ile, mara nyingi kuna punje za zirkoni. Ni ndogo sana, pengine hata hazifikii kichwa cha sindano. Ni ngumu, na hazioze. Mlima unaweza kumomonyoka mpaka ukaisha, zirkoni yake ikabaki.

Punje ile ina tabia moja ya ajabu. Wakati inajiumba ndani ya jiwe lenye moto mkali, inapokea uraniumu kidogo lakini inakataa risasi. Mlango wa risasi umefungwa. Sasa, uraniumu haitulii. Polepole sana, inageuka risasi. Aina moja ya uraniumu inachukua karibu miaka miliari 4,5 kusudi nusu yake igeuke. Aina ingine inachukua karibu miaka milioni 700. Kwa hiyo, ukikuta risasi ndani ya zirkoni, unajua ilizaliwa mlemle kutokana na uraniumu. Ukipima uraniumu iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri wa jiwe. Ni kama mtu anayekuta mshumaa unawaka: akijua unaisha kwa mwendo gani, na akiona nta iliyoyeyuka chini, anaweza kusema uliwashwa saa ngapi.

Kazi iligawanywa kati ya wanafunzi wawili. George Tilton alipima uraniumu, Patterson akapima risasi. Walianza na mawe ambayo umri wao ulikuwa umekwisha kujulikana, kusudi wajue kama njia yao ni nzuri. Hesabu za Patterson zilikataa. Kila mara alikuta risasi nyingi mno, kupita ile ambayo jiwe lile lingeweza kuzaa.

Mtu mwingine angeandika kwamba njia haifai. Patterson alianza kutafuta ile risasi ya ziada inatoka wapi. Akaikuta ndani ya maji ya bomba. Akaikuta ndani ya vyombo vya kioo, ndani ya dawa za kemia zilizonunuliwa kama safi, ndani ya rangi ya ukuta, ndani ya vumbi, kwenye ngozi na nywele zake mwenyewe. Labo nzima ilikuwa chafu kwa risasi, na hakuna mtu aliyekuwa anajua, juu hakuna mtu aliyekuwa amepima kwa usafi wa namna ile. Ilimchukua miaka kusafisha. Udokta wake aliupata mwaka 1951.

Umri wa dunia

Mwaka 1952 alihamia California, kwenye chuo cha Caltech katika mji wa Pasadena. Huko akajenga labo ambayo watu waliishangaa. Hewa ilikuwa inachujwa mbele ya kuingia, na ilikuwa inasukumwa kwa nguvu kusudi vumbi la nje lisipenye. Vyombo vilikuwa vinaoshwa kwa asidi, tena na tena. Aliyetaka kuingia alivaa nguo za pekee. Siku hizi labo safi za namna ile ziko katika inchi nyingi, lakini yake ilikuwa kati ya zile za kwanza kabisa.

Kwa kupata umri wa dunia yote, zirkoni haikutosha, juu mawe ya kwanza ya dunia yalikwisha kuyeyuka na kugeuka zamani. Patterson akatumia vimondo, ni kusema mawe yanayoanguka toka anga. Vimondo na dunia vilijiumba wakati mmoja. Kimoja kilichomsaidia sana kinaitwa Canyon Diablo, kilichoanguka jimbo la Arizona maelfu ya miaka iliyopita. Kimondo kile cha chuma kina sehemu isiyo na uraniumu karibu kabisa. Maana yake, risasi iliyo ndani yake ni ileile ya mwanzo, haijaongezeka.

Mwaka 1953 alibeba kipimo chake mpaka kwenye mashine ya labo ya Argonne, karibu na Chicago. Alipomaliza hesabu, alikuwa mtu wa kwanza kujua umri wa dunia. Inasimuliwa kwamba alipofika kwa wazazi wake Iowa, furaha ilimshika kwa nguvu mpaka akaomba mama yake ampeleke hospitali, akizani moyo unamshinda. Mwaka 1956 alichapisha hesabu yake kamili: miaka miliari 4,55, ni kusema miaka milioni 4.550, na kosa lisilopita milioni 70 juu ao chini. Mbele yake wataalamu walikuwa wanasema karibu miliari 3,3. Leo, kisha miaka karibu makumi saba na mashine za nguvu zaidi, hesabu ya Patterson inasimama palepale.

Angeweza kuishia hapo. Jina lilikuwa limekwisha kupatikana. Lakini swali la risasi ya ziada lilikuwa linamfuata. Uchafu ule wote uliomsumbua Chicago ulitoka wapi?

Bahari, theluji na mifupa

Akapima maji ya bahari. Mwaka 1963, pamoja na Mitsunobu Tatsumoto, alionyesha kwamba risasi ilikuwa nyingi zaidi juu ya bahari kuliko chini kabisa. Maji ya juu yanachukua miaka mingi kushuka chini. Kwa hiyo, ile risasi ilikuwa imefika sasa hivi, na ilishuka kutoka hewani.

Kiisha akageukia theluji. Huko Greenland, na pia kwenye inchi ya barafu ya kusini kabisa mwa dunia, theluji ya kila mwaka inafunika ile ya mwaka uliopita, haiyeyuki. Ukichimba chini, unarudi nyuma kwa miaka, kama mtu anayefungua kurasa za kitabu kizee. Watu wake walichimba katika baridi kali, wamevaa nguo za plastiki, wakitupa sehemu zote zilizoguswa na vyuma. Mwaka 1969 walitoa matokeo: ndani ya theluji ya Greenland, risasi ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 200 tangu karne za mbele ya Kristo. Na ilipanda kwa kasi kisha mwaka 1940, wakati magari yalipokuwa mengi.

Miaka kumi baadaye, pamoja na wenzake, alipima mifupa ya watu waliozikwa Peru zamani sana, mbele ya viwanda. Mifupa ya watu wa siku zake ilikuwa na risasi mamia ya mara kuliko ile ya Wahindi wa Peru.

Hapo ndipo kulikuwa kiini cha ugomvi wote.

Kawaida ni nini?

Risasi iliingia ndani ya esanse tangu mwaka 1921, wakati Thomas Midgley, mtaalamu wa General Motors, aligundua kwamba inatuliza injini zisigonge. Ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata, wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu hiyo, wakiwa wamechanganyikiwa akili. Uuzaji ukasimamishwa muda mfupi, kiisha ukarudishwa. Kampuni ya Ethyl, iliyozaliwa na General Motors pamoja na Standard Oil, ilikuwa inapata faida kubwa.

Kwa miaka mingi munganga mmoja, Robert Kehoe, alikuwa sauti ya kampuni kwa mambo ya afya. Labo yake ililipwa na wenye risasi. Maelezo yake yalikuwa haya: kila mtu ana risasi ndani ya mwili, hata watu wa vijijini mbali na magari, kwa hiyo ni jambo la asili, mwili unaizoea, na chini ya kiasi fulani haidhuru. Watu walikubali, juu vipimo karibu vyote vilitoka kwake.

Mwaka 1965 Patterson alijibu kwa makala iliyochoma wengi. Alisema watu wanachanganya kitu cha kawaida na kitu cha asili. Kama wote wamekwisha kulishwa risasi, ni kweli kwamba kila mtu anayo, lakini hiyo haionyeshi kwamba mwili uliumbwa nayo. Kwa hesabu yake, Mmarekani wa siku zile alikuwa anabeba risasi karibu mara 100 kuliko ile ya asili. Na vipimo vya wengine vilikuwa havina maana, juu labo zao zenyewe zilikuwa chafu: walikuwa wanapima vumbi lao wenyewe.

Malipo ya maneno yale yalifika haraka. Watu wa kampuni walimtembelea, lakini hakukubali kugeuza maneno. Shirika la wenye petroli la Marekani, ambalo lilikuwa linatoa franga kwa utafiti wake wa bahari, liliacha kutoa. Ofisi ya serkali ya afya haikuendelea na mkataba wake. Viongozi wa chuo waliambiwa wamnyamazishe. Mwaka 1966 alisimama mbele ya kamati ya seneta Edmund Muskie, na Kehoe naye alisikilizwa katika vikao vilevile. Mwaka 1971, baraza la taifa la utafiti lilipounda kikundi cha kuchunguza risasi ya hewani, Patterson, aliyejua jambo hilo kuliko wote, hakuitwa.

Si kwamba alikuwa mtu mwepesi wa kuishi naye. Alikuwa anasema wazi, pengine kwa ukali, na alikuwa anawaambia wenzake kwamba kazi yao ya miaka mingi ni bure. Mwaka 1978 alipopewa kiti ndani ya kikundi kingine, hakukubaliana na wenzake, akaandika ripoti yake mwenyewe ya kurasa 78. Wengine walichoka naye. Lakini mtu aliyeenda kupima kwa usafi kama wake alikuta hesabu zilezile.

Alipima pia samaki. Mwaka 1980, pamoja na Dorothy Settle, alionyesha kwamba samaki wa bahari waliotiwa ndani ya mikebe iliyofungwa kwa risasi walikuwa na risasi maelfu ya mara kuliko wale wabichi. Labo kubwa zilizokuwa zinahakikisha chakula hazikuwa zimeona tofauti ile, juu hata samaki wabichi walikuwa wanachafuka mikononi mwao.

Sheria ikabadilika polepole

Patterson hakuwa peke yake. Herbert Needleman, munganga wa watoto, alipima risasi ndani ya meno ya wanafunzi, na mwaka 1979 akaonyesha kwamba wale wenye risasi nyingi walikuwa nyuma kwa akili na kwa masomo. Sheria ya hewa safi ya Marekani ilikuwa imetoka mwaka 1970. Toka 1975 magari mapya yaliwekwa kifaa cha kusafisha moshi ambacho risasi inakiharibu, kwa hiyo esanse bila risasi ikalazimishwa. Mwaka 1986 kiasi kikashushwa karibu na sifuri.

Matokeo yalionekana ndani ya damu. Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, risasi ndani ya damu ya Wamarekani ilishuka kwa 78 kwa mia. Kama ilikuwa kitu cha asili, namna gani ingeshuka?

Mwaka 1995 Patterson alipewa zawadi ya Tyler, moja ya zawadi kubwa za kulinda mazingira. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule alikufa nyumbani kwake, Sea Ranch, California, akiwa na miaka 73, kwa ugonjwa wa pumu. Wiki nne zilibaki. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1996, esanse yenye risasi ilikatazwa kwa magari ya barabarani katika Marekani nzima.

Kwetu Afrika ilichelewa zaidi. Mwaka 2001 inchi za Afrika zilikutana Dakar, zikapatana kuiacha. Toka mwanzo wa mwaka 2006, inchi zote za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuuza esanse ile. Ya mwisho kabisa duniani ilikuwa Algeria, mwezi wa saba 2021.

Kilichobaki kwetu

Risasi imetoka ndani ya esanse, lakini haijatoka ndani ya kartie zetu. Iko ndani ya batri zilizokufa. Iko ndani ya rangi zingine za nyumba. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa juu ya udongo na vumbi la batri zilizovunjwa kwa kutoa risasi. Shirika la afya duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa hiyo mtu asiyeyushe batri ndani ya lupango ambamo watoto wanacheza, ao kwenye sufuria ambayo itarudi jikoni. Anayefanya kazi hiyo afanye mbali na nyumba, abadilishe nguo na aoge mbele ya kubeba mtoto wake.

Na kuna ile ingine ambayo Patterson aliacha, zaidi ya umri wa dunia. Watu wa mashariki mwa Congo wanaishi juu ya madini, kando ya mashimo, na maji yanayotoka pale yanaingia ndani ya mito. Siku moja mtu atakuja kusema vumbi lile ao maji yale ni ya kawaida, kila kijiji kinayo. Wakaaji wana haki ya kumuuliza mambo matatu: nani alipima, nani alimlipa, na mbele ya mashimo ilikuwa namna gani.